Utamu Uliofichwa na Amri ya Saba



Kila mwaka Kwaresima inapofika, wako Wakristu wengi katika jimbo letu wanaoweka nia ya kunywa chai bila sukari mpaka Pasaka. Ni desturi njema, wala hatuthubutu kuidharau, maana Bwana wetu hakuzidharau hata senti mbili za mjane maskini. Lakini na tuangalie jambo moja. Mtu yule yule aliyekataa kijiko cha sukari asubuhi, saa nne ala pakiti ya biskuti. Mchana amimina sosi ya nyanya juu ya chipsi zake. Jioni, akiisha kurudi kazini, anywa chupa ya soda kukata kiu. Jua linapokuchwa amekwisha kula zaidi ya vijiko kumi vya sukari, naye kwa moyo mnyofu amshukuru Mungu aliyemjalia kufunga.

Je, mtu huyu ni mnafiki? La, hasha. Alitaka kwa kweli kujinyima. Alilokosa si nia, bali ujuzi. Alipigana na adui aliyemwona katika bakuli la sukari mezani, kumbe adui aliyekuwa mkubwa zaidi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa nguo nyingine.

Basi, neno tunalotaka kuliweka mbele yenu juma hili ni moja tu. Fadhila ya kiasi haiwezi kuishi pasipo ukweli. Mtu hawezi kupima asichokiona, wala kukataa asichokijua. Kwa hiyo, yeyote amfichaye mwenzake kile kilichomo katika chakula chake, hamdhuru mwili tu. Amnyang'anya pia uhuru wa kuwa mtu wa kiasi. Na kunyang'anya ni jambo linalohusu Amri ya Saba.

Sukari si dhambi

Kwanza yatupasa tuondoe kosa moja. Huenda msomaji akadhani kwamba twataka kuihukumu sukari yenyewe. Sivyo. Muwa ni kiumbe cha Mungu, na asali pia. Mungu alipowaahidia Waisraeli nchi njema, aliwaahidia nchi ya maziwa na asali. Wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa, na wale wa Kagera na Arusha Chini, wala riziki yao kwa jasho la haki, wala hakuna neno la aibu katika kazi yao.

Lakini Kitabu cha Mithali, katika sura ya 25, chamwonya mtu aliyeipata asali kwamba ale kadiri imtoshayo tu, asije akajaa na kuitapika. Wazee wetu nao, ambao hawakukisoma kitabu hicho, waliona jambo lile lile waliposema: mchovya asali hachovyi mara moja. Utamu una nguvu ya kumwita mtu arudi. Kwa sababu hiyo wauhitaji mkono wa kuuongoza, na mkono huo ndio fadhila tuiitayo kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 2288 kwamba uzima na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na katika namba 2290 kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila namna ya kupita kadiri katika chakula, vileo, tumbako na dawa. Ona jinsi chakula kilivyotajwa pamoja na vileo. Sisi twamshangaa mlevi, na ni haki, lakini twasahau kwamba hata katika sahani na katika chupa ya soda mtu aweza kupita kiasi.

Hesabu ya siku moja

Basi kiasi ni kipi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Lilisema kwamba, kwa wakubwa na watoto, sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na katika maji ya matunda yaliyokamuliwa, isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku. Tena lilisema kwamba ikishuka chini ya nusu ya hapo, faida yaweza kuwa kubwa zaidi. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa, wala ile ya asili iliyomo katika maziwa.

Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, sehemu hiyo ya kumi ni gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, kwa maana kijiko kimoja huchukua gramu 4 hivi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500, ni gramu 37 hivi, yaani vijiko 9. Huo ndio mpaka wa juu, wala si kipimo cha kukitafuta.

Sasa na tuhesabu siku ya mtoto mmoja wa mjini, mtoto wa wazazi wema wampendao. Asubuhi anywa chai yenye vijiko 2 vya sukari, pamoja na mkate uliopakwa jemu. Jemu ya kawaida, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Basi kijiko kimoja cha mezani chaongeza gramu 10 au zaidi. Shuleni, wakati wa mapumziko, anunua biskuti. Biskuti za watoto mara nyingi zina gramu 20 za sukari au zaidi katika kila gramu 100, nayo pakiti ya gramu 50 yampa gramu 10. Mchana atia sosi ya nyanya juu ya chakula. Katika aina nyingi za sosi hiyo, sehemu ya tano au zaidi ni sukari, hata kijiko kimoja cha mezani chaleta karibu kijiko kizima cha chai. Jioni mjomba amletea soda. Soda nyingi zina gramu 10 au 11 katika kila mililita 100; kwa hiyo chupa ya mililita 300 ina vijiko 8 hivi.

Jumlisheni wenyewe. Yapita gramu 60, ambayo ni vijiko 15 na zaidi. Katika hivyo vyote, mama alivishika kwa mkono wake na kuviona kwa macho yake vijiko 2 tu, vile vya chai. Vingine vyote vilitiwa na mtu asiyemjua, mahali asipopajua, kwa kipimo asichokichagua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujazwa gizani.

Tena viko vyakula ambavyo watu hudhani vina afya kuliko vingine. Maziwa ya mtindi yasiyotiwa kitu yana gramu 4 au 5 za sukari ya asili katika kila gramu 100. Mtindi wenye ladha ya matunda, unaouzwa katika vikopo vya kupendeza, mara nyingi una kiasi hicho maradufu au zaidi, na kile kilichozidi sehemu kubwa kimetiwa. Nafaka za pakiti za asubuhi, ambazo picha yake yaonyesha mtoto mwenye nguvu akiruka, aina nyingi zimefunikwa sukari. Kinywaji cha kimea, ambacho kwetu ndicho tunachompelekea mgonjwa na mama aliyejifungua, mara nyingi kina sukari inayokaribiana na ile ya soda. Twaenda hospitali kwa tendo la huruma, kumtazama mgonjwa, na huenda mkononi tumemchukulia kile alichokatazwa na mganga.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu mwili wapokea kila kijiko, kiwe kimeonekana au hakikuonekana. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi itobolayo meno. Utamu unaonywewa haushibishi kama chakula kinachotafunwa, basi mtu huzidisha bila kujua, naye hunenepa. Na unene huo hufungua mlango wa kisukari cha aina ya pili na wa magonjwa ya moyo. Twaongeza upesi kwamba kisukari kina sababu nyingi. Aina ya kwanza, ambayo huwapata hasa watoto na vijana, haitokani na kula sukari. Na hata aina ya pili hutegemea pia urithi wa ukoo na mambo mengine. Kwa hiyo mtu asithubutu kumhukumu mgonjwa wa kisukari kana kwamba ameadhibiwa kwa ulafi. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika Afrika ya kusini mwa Sahara walikuwako watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua kwamba wanaumwa. Ugonjwa uliofichika walishwa na utamu uliofichika.

Fundisho la Mtakatifu Thomas

Huenda mtu akauliza: Je, Padre, hayo si mambo ya waganga? Kwa nini kuyaleta katika gazeti la dini? Twamjibu kwamba Kanisa limekwisha kuyafikiri mambo haya kabla ya viwanda kujengwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, katika kitabu chake kikubwa cha Teolojia aliuliza swali juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza, na ndani yake akauliza hivi: je, muuzaji apaswa kumwambia mnunuzi kasoro ya kitu anachomwuzia?

Jibu lake lina busara nyingi. Alitofautisha kasoro iliyo wazi na kasoro iliyofichika. Kama farasi ana jicho moja, mnunuzi ana macho mawili ya kuona hivyo, na muuzaji halazimiki kupiga mbiu, mradi bei iwe ya haki. Lakini kama kasoro imefichika, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji apaswa kuisema. Asiposema, uuzaji wake ni wa hila tena si halali, na alipie hasara. Mifano yake ni mtu auzaye farasi kilema kana kwamba ni mwenye mbio, mtu auzaye nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara, na mtu auzaye chakula kibovu au chenye sumu kana kwamba ni chakula kizuri.

Sukari si sumu kwa maana ile, nasi hatutaki kulizidisha neno la Mtakatifu Thomas. Lakini kanuni yake yabaki: lililo wazi, mnunuzi ajiangalie, lililofichika na lenye hatari, muuzaji aseme. Atiaye sukari katika peremende hamdanganyi mtu. Peremende yajitangaza yenyewe. Lakini aitiaye katika sosi, katika mkate, katika mtindi, na zaidi katika uji wa mtoto mchanga, kisha aandika juu ya pakiti maneno ya afya na nguvu, huyo lazima aulizwe swali la Mtakatifu Thomas.

Hapo watengenezaji watajibu: Hatukuficha, tumeandika juu ya lebo. Ni kweli kwamba sheria za nchi nyingi zawalazimu kuandika. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na ya Afya, na kukutana kwa mara ya kwanza mwaka 1963, iliweka kanuni kwamba vitu vilivyochanganywa katika chakula viorodheshwe kwa kufuata uzito wake, kilicho kingi kitangulie. Ni kanuni njema. Lakini tazameni jinsi kanuni njema inavyoweza kupinduliwa. Badala ya kutia aina moja ya sukari, kiwanda chaweza kutia aina tatu au nne: sukari, glukosi, fruktosi, sharubati ya mahindi. Kila moja peke yake ni ndogo, basi yaandikwa mbali katika orodha, na unga watangulia. Kama zingalijumlishwa pamoja, huenda sukari ingalikuwa ya kwanza. Tena maandishi ni madogo kama mayai ya chawa, mara nyingi katika lugha asiyoisoma mama wa kijijini. Na kipimo chatolewa kwa kipande kidogo ambacho hakuna mtoto akiachaye hapo.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kibaba, wakaongeza uzito wa mizani, wakawauzia maskini takataka za ngano. Siku hizi mizani ya dukani hukaguliwa na kibaba hupimwa. Hila imehama kutoka katika mizani ikaingia katika maneno. Mithali yasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Mungu. Basi na lebo ya hadaa ni mizani ya namna hiyo.

Mifano miwili

Tusiseme kwa jumla tu. Iko mifano inayojulikana na watu wote.

Mfano wa kwanza watoka Marekani. Katika miaka ya 1960, wataalamu walipokuwa wakibishana kama ugonjwa wa moyo huletwa na mafuta au na sukari, chama cha wenye biashara ya sukari, Sugar Research Foundation, kiliwalipa wanachuo watatu wa Harvard waandike makala. Makala hiyo ilitoka mwaka 1967 katika jarida kubwa la waganga, New England Journal of Medicine. Ililaumu mafuta, ikapunguza lawama ya sukari, na haikutaja nani aliyelipa. Jambo hilo lilifunuliwa mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco walipotoa barua za zamani hadharani. Yapata miaka 50 ilikuwa imepita, na wengi wa watu waliokuwa na haki ya kujua walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Watetezi wasema kwamba wakati ule jarida lile halikuwa na kanuni ya kuwadai waandishi wataje waliowalipa. Ni kweli. Lakini Mtakatifu Thomas alilijibu hilo pia: sheria ya wanadamu haiwezi kukataza kila jambo linalopingana na fadhila, lakini sheria ya Mungu haiachi kitu. Kuna siku ambayo hatutaulizwa kama kanuni ilidai, bali kama tulisema kweli.

Mfano wa pili watuhusu sisi zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea chakula cha watoto wachanga, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vyakula vya watoto vya kampuni ya Nestlé. Liliona kwamba uji wa Cerelac uliouzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulikuwa umetiwa sukari, kwa wastani karibu gramu 4 kwa kila mlo, yaani kijiko kimoja cha chai. Na kwamba katika Uswisi yenyewe, nyumbani kwa kampuni, vyakula vya namna hiyo viliuzwa bila sukari ya kutiwa. Kampuni ilijibu kwamba yafuata sheria za kila nchi, na kwamba ilikuwa imepunguza sukari hiyo kwa asilimia 11 duniani kote katika miaka kumi. Yafaa jibu hilo lisikiwe. Walakini swali labaki, na ni swali la haki kabla halijawa la afya: kama mtoto wa Zurich aweza kukua bila kijiko kile, kwa nini mtoto wa Afrika atiliwe? Au tumbo lake limeumbwa na Mungu mwingine?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya watoto wa miezi 6 hadi 23, lilisema kwamba vyakula vyenye sukari nyingi wasipewe, wala vinywaji vilivyotiwa sukari. Maana ulimi wa mtoto ni kama udongo mbichi mkononi mwa mfinyanzi. Ukifinyangwa kwa utamu, kesho ataukataa mchicha, ataukataa uji wa mtama, na hata maji safi atayaona hayana ladha. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo, aliuliza kama yuko baba ambaye mwanawe akimwomba mkate atampa jiwe. Hakuna baba wa namna hiyo. Lakini yuko baba ambaye aomba mkate dukani kwa ajili ya mwanawe, naye apewa kitu kingine chini ya jina la mkate. Kosa si la baba huyo.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa hiyo twasema waziwazi kwamba mzigo huu usitupwe wote mabegani mwa mama maskini. Wako wanaomwambia, Soma lebo! kisha huenda zao wameridhika. Mama aliyeamka alfajiri, mwenye watoto watano na fedha kidogo, hana wakati wa kuwa mkemia. Wajibu una ngazi zake, nazo zaanza juu.

Wa kwanza ni mtengenezaji. Yeye ndiye ajuaye alichotia, na ajuaye ndiye apaswaye kusema. Na aandike kwa herufi zinazosomeka, kwa Kiswahili, na aijumlishe sukari yote mahali pamoja.

Wa pili ni serikali. Sisi hatufundishi siasa, lakini kulinda mema ya wote ni wajibu wa wenye mamlaka, nao mfano wanao. Chile, tangu mwaka 2016, iliamuru alama nyeusi yenye pembe nane iwekwe mbele ya kila chakula cha pakiti kilichozidi kipimo cha sukari, hata mtoto aione. Uingereza ilitangaza mwaka 2016 kodi juu ya vinywaji vitamu, ikaanza kutozwa Aprili 2018; viwanda vingi vilipunguza sukari kabla hata senti moja haijatozwa. Afrika ya Kusini nayo ilianza kodi ya namna hiyo mwezi huo huo. Hapa kwetu Shirika la Viwango, TBS, lilikabidhiwa mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula. Twawaombea wote walio katika kazi hiyo moyo wa ujasiri, wasiutazame uso wa mtu.

Wa tatu ni sisi wa nyumba ya Mungu, na yafaa hukumu ianzie hapa. Tutazame vioski vya parokia vinavyowangoja watoto mlangoni baada ya Misa. Tutazame maduka ya shule zetu, na yale yaliyo mlangoni mwa hospitali zetu. Katika mahali pengi, kinachopatikana kwa urahisi ni soda na biskuti, na maji safi ndiyo hutafutwa. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza na za Kipaimara, kreti za soda zimekuwa kipimo cha heshima, hata familia isiyo na uwezo hukopa. Mapato ya kioski ni madogo na mahitaji ya parokia ni makubwa, twalijua hilo. Lakini hatuwezi kumfundisha mtoto asubuhi kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu, kisha saa tano tukamwuzia kitu cha kulibomoa. Machungwa na ndizi pia huuzwa, na karanga, na maji. Akina mama wa WAWATA, ambao hawajawahi kushindwa na kazi ya jikoni, wakiombwa watatuonyesha njia.

Wa nne ni wazazi. Kwenu twatoa maneno machache tu ambayo hayahitaji fedha. Mkiinunua pakiti, tafuteni neno sukari katika orodha ya namba, kisha mgawanye gramu kwa 4, mtapata vijiko. Katika orodha ya vitu vilivyochanganywa, majina yanayomalizika kwa herufi o, s, e mara nyingi ni ya ndugu wa sukari. Mwenye mwana aliyesoma na amtume kusoma. Ndivyo elimu itakavyorudi nyumbani. Mtindi wa kuuzwa bila kitu, uuchanganye mwenyewe na embe. Uji wa mtoto, upike kwa unga uliousaga mwenyewe, na utamu wake utoke katika ndizi iliyopondwa. Mtoto akiona kiu, apewe maji kwanza. Na soda? Iwe ya sikukuu, kama ilivyokuwa kwa babu zake, nayo itamfurahisha zaidi, maana kinacholiwa kila siku hakina sikukuu tena.

Funga ya kweli

Turudi, ndugu, katika fadhila yenyewe. Kanisa halikutuamuru kufunga kwa sababu chakula ni kibaya. Lilituamuru ili tuwe mabwana wa miili yetu, tuweze kusema ndiyo na hapana kwa hiari. Mtumwa hafungi, yeye hunyimwa tu. Afungaye ni mtu huru, aonaye kitu chema mbele yake, akijua ni nini, akakiacha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya jirani. Kwa hiyo, penye kuficha hapana funga, na penye udanganyifu hapana kiasi. Anayedai lebo ya kweli, basi, hadai jambo la tumbo tu. Adai haki ya kuwa mwana huru wa Mungu hata mezani pake.

Kwa maneno hayo, twawaombeni mambo mawili juma hili. Kila familia na ichague chakula kimoja cha pakiti kilichozoeleka nyumbani, isome kilichomo, ihesabu vijiko, na iamue pamoja, wazazi na watoto, kama kibaki au kiondoke. Na kila jumuiya ndogondogo, ikikutana, imwulize mwenye duka wa mtaa, kwa upole na heshima, kama aweza kuuza pia matunda na maji kwa bei ya haki. Muuzaji husikiliza wanunuzi wakisema pamoja, kuliko anavyosikiliza gazeti.

Kila siku twamwomba Baba yetu wa mbinguni mkate. Naye hutupa pasipo kuficha kitu. Wale wote ambao mikono yao hupitisha mkate huo kutoka kwake hadi kinywani mwa mtoto, kiwandani, dukani na jikoni, na waupitishe kwa uaminifu ule ule.

Mhariri